Kuunda saa ya kamani nyumbani, Lamu

Tuanze na mpaka wa kazi yenyewe. Mtu wa nyumbani hawezi kutengeneza kila kilichomo ndani ya saa ya mkono. Ile kamani nyembamba kama unywele, inayolipeleka gurudumu la mizani huku na huku, hutoka kiwandani kwa aloi maalumu. Meno ya magurudumu nayo hukatwa kwa mitambo isiyoingia katika mfuko wa fundi wa sebuleni. Unaloweza ni kununua mashine ya saa iliyo kamili, ukaichagulia uso, akrabu, kasha na kioo, ukavikusanya kwa mkono wako, kisha ukaupima mwendo na kuurekebisha. Kazi hiyo si ndogo. Ncha inayoshika akrabu ya sekunde ina unene wa mm 0.20, na chembe moja ya chokaa iliyodondoka ukutani yatosha kuisimamisha saa.

Maneno mawili kabla hatujaenda mbali. Kichwa ni kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo. Mti ni ule uchuma mwembamba uliofungwa kwenye kichwa, unaoingia hadi ndani ya mashine.

Vipande vya kununua

Kwa saa ya kwanza chukua mashine ya NH35 ya Seiko. Kuna zilizo nzuri kuliko hiyo, lakini hakuna iliyotengenezewa makasha, nyuso na akrabu nyingi kiasi chake, na ukiiharibu hutalia sana. Ina kipenyo cha mm 27.4 na unene wa mm 5.32, mawe 24 (vito vidogo vya kupunguza msuguano), na hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kila sekunde. Ikijaa huenda kwa muda wa kama saa 41. Hujijaza kwa mtikisiko wa mkono, na hukubali pia kutiwa ufunguo. Usipotaka dirisha la tarehe, chukua NH38.

Uso uwe wa mm 28.5 na uandikwe kuwa ni wa NH35. Angalia miguu yake kwa nyuma, vile vijiti vya kuushikiza kwenye mashine: kasha lenye kichwa kwenye 3 na lenye kichwa karibu na 4 havitumii miguu ya mahali pamoja, na hapa ndipo wengi huagiza kitu kisichoingia. Matundu ya akrabu yawe mm 1.50 kwa saa, 0.90 kwa dakika na 0.20 kwa sekunde. Akrabu za mashine nyingine zinaweza kufanana kwa macho, ila hazitakaa.

Kasha liwe la chuma cha pua cha aina ya 316L, lenye mfuniko wa nyuma wa kuzungusha na kichwa cha kufunga kwa uzi, yaani kinachozungushwa kama skrubu. Kioo kiwe cha safaya. Mchanga wa pwani una chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Kioo cha kawaida hakifiki hapo, safaya iko 9. Mtu anayekaa Shela na kushinda ufukoni atauona mwaka wa kwanza tu tofauti ya vioo hivyo viwili. Hakikisha kasha linakuja na pete ya plastiki ya kuishikilia mashine, maana mashine inayocheza ndani ya kasha huvunja mti. Nunua mti wa akiba na mipira ya akiba ya mfuniko, ile ya kuzuia maji. Mkanda uwe wa mpira au nailoni. Ngozi na jasho la kaskazi haviwezani.

Vifaa

Bisibisi za mm 0.8, 1.0, 1.2 na 1.6. Vibano viwili, kimoja cha chuma kisichoshika sumaku na kimoja cha shaba kwa ajili ya akrabu. Lenzi ya jicho ya mara 5 kwa kazi nyingi, na ya mara 10 kwa kukagua. Kishikio cha mashine, kibonyezo cha akrabu chenye ncha tatu, vijinyanyuo viwili vya kung'olea akrabu, ufunguo wa mfuniko, kipulizo cha mpira, kaliba ya kidijitali, koleo ya kukatia mti, na donge la Rodico la kunyonyea vumbi na alama za vidole. Ongeza grisi ya silikoni na gundi ya nyuzi za skrubu ya Loctite 222, ile ya zambarau, isiyoshika kupita kiasi.

Lenzi, tupa laini na kishikio cha kubania uchuma mwembamba si lazima uviagize ng'ambo. Ni vyombo vya sonara, na mjini Amu masonara hawajakosekana. Muulize anavyoitunza tupa yake, utajifunza zaidi ya bei.

Usinunue bisibisi za bei ya chini kabisa. Ncha yake hupinda, huteleza, na huacha mkwaruzo usiofutika kwenye daraja la mashine, lile bamba linaloshika magurudumu.

Chumba na meza

Nyumba ya mawe ina baridi nzuri lakini lipu yake huachia unga wa chokaa. Usiweke meza chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, wala karibu na ukuta wa zamani. Funga dirisha, zima feni. Kunja mkeka uuondoe kabisa: skrubu ikiangukia kwenye ukili haionekani tena. Fagia, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, ili kikianguka kitu ukitafute kwenye sakafu tupu.

Meza iwe juu, karibu na usawa wa kifua, usilazimike kuinama. Tandika karatasi nyeupe. Funga aproni shingoni na uibane pembe zake mbili kwenye ukingo wa meza, ikae kama tanga chini ya mikono yako, ipokee kila kinachoruka. Kata vidole vya glavu za mpira uvivae kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, kwa sababu jasho lina chumvi na alama ya kidole kwenye uso wa saa hugeuka doa.

Jambo la unyevu halina budi kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa maelekezo mengi ya saa yameandikwa na watu wa nchi za baridi na kavu. Hewa ya kisiwani imejaa mvuke. Ukiifunga saa katika hewa hiyo, mvuke unabaki ndani, na siku utakapoingia katika chumba chenye kiyoyozi au kutumbukiza mkono baharini, kioo kitafanya ukungu kwa ndani. Mtu atadhani saa inavuja, kumbe alilifungia tatizo ndani mwenyewe. Dawa yake ni chembe za silika, zile za vifuko vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 muda wa saa mbili, zitie ndani ya kopo linalofunga kabisa, na usiku wa kuamkia siku ya kufunga weka humo kasha na mashine iliyokwisha pigwa akrabu. Kesho yake toa, funga ndani ya dakika chache. Mchele usiutumie, una unga na nguvu yake ya kunyonya ni ndogo.

Jaribu kasha likiwa tupu

Hatua hii watu huiruka, kisha hujuta. Kabla mashine haijaingia, paka mpira wa mfuniko grisi ya silikoni, filamu nyembamba tu, mpira ung'ae bila madonge. Usipake mafuta ya kujipaka mwilini. Huvuta mchanga, na mipira ya aina fulani huvimba. Weka kipande cha karatasi ya shashi ndani ya kasha, funga mfuniko na kichwa, utumbukize kasha katika bilauri ya maji ya vuguvugu, kama nyuzi 40. Vipovu vikitoka mfululizo mahali pamoja, hapo ndipo panapovuja. Vikiwa viwili vitatu vya nje vikaisha, si kitu. Liache saa moja, likaushe vizuri kwa nje, lifungue, uitazame shashi. Jaribio hili si badala ya mashine ya shinikizo, lakini litakuonyesha mpira uliokaa kombo na kioo kisichobanwa sawasawa, bila kuhatarisha chochote.

Kuipima mashine

Mashine ikifika, itie ufunguo. NH35 haigomi ikijaa, kwa hiyo hesabu: kama mizunguko 55 ya kichwa huijaza kutoka utupu. Weka simu yenye programu ya kusikiliza mapigo ya saa karibu nayo, ukiweka pembe ya kunyanyua, namba ya mashine ambayo programu huitumia kukokotoa bembea, kuwa nyuzi 53. Utasoma vitu vitatu: mwendo kwa sekunde za siku, ukubwa wa bembea la gurudumu la mizani, na tofauti ya mapigo, yaani kati ya pigo la kwenda na la kurudi. Mashine mpya iliyojaa na kulazwa chali itarajiwe kubembea kati ya nyuzi 250 na 300, na tofauti ya mapigo isizidi milisekunde 0.8 hivi. Ikisoma chini ya 220 ilhali imejaa, irudishe kwa muuzaji kabla hujaigusa. Ukishaifungua hutakuwa na hoja.

Kuondoa mti

Karibu na mti kuna kijishimo cha kubonyeza. Karatasi ya mtengenezaji inaonyesha kiko wapi na kichwa kiwe katika nafasi gani. Ifuate, kwa kuwa mashine hazilingani. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi kwa uzito wa kidole tu, huku mkono wa pili ukivuta kichwa pole pole. Anayebonyeza kwa nguvu hukitoa kijiwenzo cha ndani mahali pake, na baadaye mti huingia lakini hauji kushika: saa haijai wala akrabu hazigeuki. Kukirudisha ni mpaka uso na gurudumu la tarehe viondolewe.

Uso na akrabu

Kwanza rudisha mti na ugeuze mbele hadi tarehe iruke. Acha hapo hapo. Weka uso, miguu iingie matunduni, ubonyeze kingo kwa zamu, usiguse katikati. Kwenye NH35 miguu hushikwa kwa msuguano.

Sasa hapa fundi wa Lamu ana uamuzi ambao fundi wa Geneva hana. Kawaida akrabu zote hupigwa zikielekea 12 pale tarehe inaporuka, ili tarehe ibadilike usiku wa manane. Nasi wengi wetu tumezoea saa ya namna hiyo na kusoma upande wa pili: akrabu ndogo iko kwenye 1, twasema saa saba. Lakini ukitaka saa isomeke Kiswahili moja kwa moja, jua likichomoza akrabu iwe kwenye 12, si lazima ubadilishe kitu chochote, unaiweka tu hivyo. Kitakachobadilika ni tarehe. Akrabu iliyopigwa kwenye 12 itairusha tarehe saa kumi na mbili, ya asubuhi au ya jioni kwa unavyoiweka. Ukitaka iruke saa sita ya usiku, basi pale tarehe iliporuka piga akrabu ya saa ikielekea 6, na ya dakika kwenye 12.

Kuna watakaopenda ile ya jioni. Siku ya Kiislamu huanza magharibi, na hapa karibu na mstari wa ikweta magharibi haihamihami sana mwaka mzima. Saa inayorusha tarehe saa kumi na mbili jioni inaweza kubeba tarehe ya mwezi mwandamo. Mwezi huo una siku 29 au 30 na gurudumu lina 31, kwa hiyo kila mwezi mpya utaisukuma mwenyewe mpaka 1.

Vyovyote utakavyochagua, usisukume tarehe kwa mkono ndani ya saa tatu kabla ya kuruka na saa tatu baada yake. Meno yanakuwa yameshikana, na jino la plastiki huvunjika. Kwa saa inayoruka usiku wa manane, hiyo ni kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa usiku.

Akrabu ya saa ibonyezwe wima, ikae sambamba na uso. Ya dakika ilenge 12 barabara. Kisha geuza kichwa, uzipitishe saa zote kumi na mbili, ukitazama kwa ubavu kwa lenzi: kati ya akrabu na akrabu uone mwanga wa kiasi cha mm 0.2 hadi 0.3. Ya sekunde ndiyo inayovunja mioyo. Iweke juu ya ncha kwa Rodico, hakikisha tundu limekalia ncha, kisha bonyeza kwa pumzi moja. Ikikataa, usilazimishe. Inyanyue, tazama kwa lenzi ya mara 10. Mara nyingi ncha haijaingia tunduni, iko kando, na msukumo mmoja zaidi utaipinda.

Iache mashine itembee siku nzima kabla ya kuitia kasha. Ikisimama, mahali inaposimama panakwambia sababu. Kila dakika mahali palepale: sekunde inagusa dakika au alama iliyoinuka usoni. Kila saa akrabu mbili zinapokutana: dakika na saa zinagusana. Ikienda vizuri mezani ikasimama ndani ya kasha, akrabu ya sekunde inagusa kioo, au pete ya ndani ya kasha inabana uso.

Kasha, na kukata mti

Safisha kioo kwa ndani, pulizia, kagua kwa mwanga wa kutoka ubavuni. Unyuzi mmoja wa kitambaa utauona kila siku ya maisha ya saa hiyo. Ingiza mashine, weka pete, rudisha mti mrefu ambao haujakatwa, ukiwa na kichwa chake.

Kichwa kikiwa kimesukumwa ndani kabisa, pima kwa kaliba nafasi iliyobaki kati ya kichwa na kasha. Kama ni mm 6.4, usikate 6.4. Kata 5.9, kisha punguza kwa tupa kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Kichwa cha kufunga kwa uzi kina kispringi ndani, kwa hiyo pima ukiwa umekibonyeza. Mti ukibaki mrefu, uzi haushiki na maji yana mlango. Ukiwa mfupi, kichwa hakifiki nafasi ya kuweka saa, au huchomoka mkononi. Ndipo utakapoushukuru ule mti wa akiba. Tupa isipite kamwe mti ukiwa ndani ya mashine. Unga wa chuma huenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Toa, bana kwenye kishikio, piga tupa, futa kwa Rodico, rudisha.

Ukisharidhika na urefu, tia Loctite 222 kwa ncha ya sindano kwenye nyuzi, kiasi cha punje ya mtama kimezidi. Funga kichwa kwenye mti nje ya saa, ukilaze saa 24. Gundi ikifika kwenye mpira wa kichwa, mpira huo umekwisha.

Baada ya usiku mmoja kwenye kopo la silika, funga mfuniko. Hakikisha mpira umekaa katika mfereji wake pande zote kabla ya kukaza, maana mpira uliopinda hukatwa na uzi wa mfuniko bila kukupa dalili.

Mwendo

Siku ina sekunde 86,400, na mashine hii hupiga mara 518,400 katika muda huo. Mtengenezaji anaruhusu kuchelewa sekunde 20 hadi kuwahi 40 kwa siku. Nyumbani unaweza kuishusha ikawa ndani ya 10, ukiwa na subira, na kazi hii ni nyepesi zaidi kabla ya mfuniko kufungwa. Pima katika hali sita: chali, kifudifudi, na kichwa kikielekea juu, chini, kushoto na kulia. Juu ya gurudumu la mizani kuna vijiwenzo viwili. Kimoja hubadilisha mwendo, kingine tofauti ya mapigo. Anayesukuma kisicho chake hujikuta ameharibu vyote viwili. Gusa cha mwendo kwa kijiti cha mbao ngumu, kwa kadiri ambayo jicho halioni kama kimehama, kisha pima tena. Isawazishe iwahi sekunde tano hivi badala ya kuchelewa, kwa kuwa saa inayowahi huirudisha kwa kuisimamisha kidogo.

Saa iliyokuwa nzuri ikianza ghafla kuwahi dakika kadhaa kwa siku, imeshika sumaku: mizunguko ya kamani inashikana, urefu unaofanya kazi unapungua. Mlete baharia na dira yake. Sogeza saa taratibu kando ya dira, na sindano ikifuata, jibu umelipata. Vikasha vya simu vyenye sumaku na spika ndio wachawi wakubwa. Kifaa cha kutolea sumaku ni cha bei ndogo: bonyeza, toa saa pole pole hadi urefu wa mkono, ndipo uachie.

Kabla ya kuivaa majini, ipashe moto hadi kama nyuzi 40, kisha weka tone la maji ya barafu juu ya kioo kwa dakika moja na ulifute. Ukungu ukibaki kwa ndani, fungua urudie kopo la silika. Usipobaki, ogelea nayo, ila kila utokapo baharini isuuze kwa maji baridi ya bomba kichwa kikiwa kimefungwa. Chumvi ikikauka ndani ya nyuzi za mfuniko, hata 316L hula vishimo vidogo. Mipira ibadilishwe kila mwaka, bei yake haifiki ya mkanda.